2147483647, namba isiyokubali kugawanywa

Kama umewahi kufanya kazi na databesi za vikundi vidogo vidogo, chama, sacco ya mtaani, kwaya ya kanisa, kuna siku utaprinti orodha ya wanachama na utakuta watu wote wana namba moja ya simu. Mama wa samaki wa Dunga, fundi wa Kondele, mwalimu mstaafu wa Riat, wote 2147483647. Hapa Kisumu orodha ya aina hiyo nimeiona kwa macho yangu, katibu wa kikundi alikuwa ameshaanza kuuliza nani alichezea kompyuta, na hakuna mtu alikuwa ameichezea. Aliyetengeneza ule mfumo aliweka sehemu ya simu kama namba ya biti 32, yaani yenye nafasi 32 tu za sifuri au moja, sasa watu walipoanza kuandika simu zao kwa mtindo wa 254712 na kuendelea, hiyo ni tarakimu 12, haitoshei. Databesi ya MySQL ikiwa imesetiwa kwa ule ulegevu wa zamani haikatai namba isiyotoshea, inaikata na kuweka ile kubwa kabisa ambayo inatoshea, inaacha onyo mahali hakuna mtu anaangalia, kazi inaendelea. Na kubwa kabisa inayotoshea ndio hiyo.

Dawa yake naisema mara moja tusonge mbele: simu iwekwe kama maandishi, maana hakuna siku utajumlisha simu za watu. Mimi nataka kuongea juu ya namba yenyewe. Watu wa kompyuta wanaijua kama ukuta, unaugonga, unaongeza biti, unasahau. Lakini mimi naifundishanga kwa tuisheni ya Jumamosi kama moja ya namba ambazo binadamu amezichunguza kwa akili safi kabisa, na uchunguzi huo uliisha mwaka 1772, wakati hata taa ya umeme hakuna.

Inatengenezwaje? Chukua mwezi wa Januari. Tarehe 1 unaweka shilingi 1 kwa kibubu, tarehe 2 unaweka 2, tarehe 3 unaweka 4, kila siku mara mbili ya jana. Tarehe 10 unaweka 512, hiyo bado ni pesa ya kwenda soko Kibuye Jumapili. Tarehe 20 unatakiwa kuweka 524,288, hapo watu wengi tumeshatoka kwa mchezo, na tarehe 31 unatakiwa kuweka 1,073,741,824 kwa siku hiyo moja. Ukivunja kibubu jioni ya tarehe 31 unahesabu shilingi 2,147,483,647. Yaani ni 2 ikizidishwa na yenyewe mara 31 halafu unatoa 1, watu wanaandika 2^31 − 1.

Sasa wanachama wanataka kugawana sawasawa, bila shilingi kubaki. Kama mwezi ulikuwa wa siku 30, jumla ni 1,073,741,823, na hiyo inagawanyika vizuri sana, watu 3 sawa, watu 7 sawa, watu 9, watu 11, watu 31, wote wanaenda nyumbani bila ugomvi. Februari ya siku 28 inatoa 268,435,455, inaishia na 5 kwa hivyo watu 5 wanagawana, watu 3 pia, watu 15 pia. Februari ya mwaka mrefu, siku 29, inatoa 536,870,911, hiyo ni ngumu kidogo, lakini ukipata wanachama 233 itagawanyika bila kitu kubaki. Ukifika mwezi wa siku 31 umekwama. Watu 2 hapana, 3 hapana, 233 hapana, elfu kumi hapana, milioni moja hapana. Ni mtu mmoja achukue zote au watu 2,147,483,647 kila mtu achukue shilingi moja. Kati ya hapo hakuna kikundi chochote, cha ukubwa wowote, kinachoweza kuigawana. Ni namba tasa. Kati ya urefu wote ambao mwezi unaweza kuwa nao kwenye kalenda yetu, siku 28, 29, 30 na 31, ni huo wa 31 peke yake unatoa namba tasa, na hiyo kitu mimi hunifurahisha kila nikiiandika ubaoni.

Kusema ni tasa ni rahisi. Kujua je? Kwa namba kama 97 unajaribu 2, 3, 5, 7 umemaliza. Sheria ya kujaribu ni kwamba ukifika kipeuo cha pili cha namba bila kupata kigawo unaweza kuacha, kwa sababu vigawo hutembea wawili wawili, mmoja mdogo na mwenzake mkubwa, kama mdogo hayuko basi mkubwa pia hayuko. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na kitu. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni karibu 4,800. Hebu fikiria mtu na kalamu ya unyoya anafanya migawanyo 4,800 ya namba ya tarakimu 10, na akikosea mmoja tu, uthibitisho wote umeenda.

Wako waliojaribu mapema. Pietro Cataldi wa Bologna alithibitisha mwaka 1588 kwamba 2^17 − 1, ambayo ni 131,071, na 2^19 − 1, ambayo ni 524,287, ni tasa, na alifanya hivyo kwa kugawanya tu, moja baada ya nyingine. Kazi ya heshima hiyo. Lakini hakuishia hapo, alidai pia kwamba 23, 29, 31 na 37 zikiwekwa juu ya 2 zinatoa namba tasa, na hapo hakuwa na uthibitisho. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat akaangusha 23 na 37 pamoja, 2^23 − 1 inagawanyika na 47, 2^37 − 1 inagawanyika na 223. Mwaka 1738 Leonhard Euler, mwanahesabu wa Uswisi, akaangusha 29, ndio ile 233 ya Februari ndefu. Katika madai manne ya Cataldi ikabaki moja, 31. Marin Mersenne, padri wa Ufaransa ambaye namba za aina hii zinaitwa kwa jina lake, naye alikuwa ameiweka 31 kwenye orodha yake ya mwaka 1644, lakini orodha hiyo ilikuwa na makosa mengi, ilikuwa na 67 na 257 ambazo zikiwekwa juu ya 2 hazitoi namba tasa, na iliacha 61, 89 na 107 ambazo zinatoa, kwa hivyo kuwa kwenye orodha ya Mersenne haikuwa ushahidi wa kitu.

Kuna kitu kimoja hapa lazima kieleweke. Hiyo namba ya juu, siku za mwezi tuseme, lazima yenyewe iwe tasa ndio jumla iwe na nafasi ya kuwa tasa. Siku 30 ni 5 mara 6, na kwa sababu hiyo 2^30 − 1 lazima igawanyike na 2^5 − 1, ambayo ni 31, haina njia ya kukwepa. Kwa hivyo 28 na 30 zilikuwa zimeshaanguka kabla hujashika kalamu. Lakini kuwa tasa juu hakutoshi, 29 ni tasa ikaanguka, 11 ni tasa ikaanguka, 2^11 − 1 ni 2,047 na hiyo ni 23 mara 89.

Kuna Jumamosi moja mwanafunzi wa Fom Tatu anayetoka Nyalenda aliniuliza, sasa mwalimu, kwani ni lazima ujaribu zote? Hilo ndilo swali. Ukilipata hilo swali umeshaingia ndani ya hesabu yenyewe, na jibu la Euler nitalieleza polepole kwa sababu hapa ndio utamu wote uko na sitaki mtu aruke.

Chukua saa ya ukutani, lakini badala ya masaa 12 iwe na masaa 23. Ukifika 23 unaanza upya. Sasa anza na 2 na uwe unazidisha kwa 2 kila hatua: 2, 4, 8, 16, halafu 32 ambayo kwa saa hiyo ni 9, halafu 18, halafu 36 ambayo ni 13, halafu 26 ambayo ni 3, halafu 6, 12, na 24 ambayo ni 1. Umerudi 1 kwa hatua 11 kamili. Ndio maana 23 inagawanya 2^11 − 1, kusema 23 inagawanya 2^11 − 1 na kusema ukizidisha 2 mara 11 kwa saa ya 23 unarudi 1, hizo ni sentensi mbili za jambo moja. Fermat alishasema mwaka 1640 kwamba kwa saa yoyote ya namba tasa q, mzunguko wa kurudi 1 lazima uingie ndani ya q − 1 mara kamili bila kubaki. Angalia: 23 − 1 ni 22, na 11 inaingia mara 2. Kigawo kingine ni 89, 89 − 1 ni 88, na 11 inaingia mara 8.

Sasa leta hiyo kwa 31. Tuseme kuna namba tasa q inayogawanya 2^31 − 1. Basi kwa saa ya q, 2 inarudi 1 baada ya hatua 31. Mzunguko wenyewe hauwezi kuwa mfupi kuliko 31, kwa sababu mzunguko mfupi ungelazimika kuingia ndani ya 31 mara kamili, na 31 ni tasa, hakuna kinachoingia isipokuwa 1 na yenyewe, na mzunguko wa 1 ungemaanisha 2 na 1 ni kitu kimoja, haiwezekani. Kwa hivyo ni 31 haswa. Kwa hivyo 31 inagawanya q − 1. Na q si namba shufwa, kwa hivyo 2 pia inagawanya q − 1. Kwa hivyo 62 inagawanya q − 1. Yaani kama kuna kigawo, ni lazima kiwe moja zaidi ya mafungu ya 62: 63, 125, 187, 249, 311 na kuendelea. 3 haiwezi, 5 haiwezi, 7 haiwezi, 101 haiwezi, na hujagawanya chochote bado! Umekaa tu, umefikiria, na namba nyingi sana zimeondoka mezani.

Euler hakuridhika na hapo. Akaongeza kichujio cha pili. Kwa saa ya q, 2^31 ni 1, basi 2^32 ni 2. Lakini 2^32 ni 2^16 ikizidishwa na yenyewe. Maana yake kwa saa ya q, 2 ni mraba wa namba fulani. Na inajulikana kwamba 2 huwa mraba tu kwenye saa ambazo q ukiigawanya kwa 8 inabaki 1 au inabaki 7. Ukiweka vichujio viwili pamoja, mafungu ya 62 na hii ya 8, vinabaki vigawo vya sura mbili tu: mafungu ya 248 ukiongeza 1, au mafungu ya 248 ukiongeza 63. Basi. Kuanzia hapo hadi 46,340, ukiitoa 63 yenyewe ambayo hata si tasa, kuna namba 372. Kutoka maelfu hadi 372. Na kati ya hizo 372 nyingi si tasa, hazihitaji kujaribiwa, zinabaki themanini na kitu.

Ili uone nguvu ya kichujio, kirudishe kwa 29. Vigawo vya 2^29 − 1 lazima viwe mafungu ya 58 na moja juu: 59, 117, 175, 233. Ile 59 kwa 8 inabaki 3, toa. 117 ni 9 mara 13, toa. 175 inaishia na 5, toa. 233 ni tasa na kwa 8 inabaki 1, jaribu: inaingia mara 2,304,167 na hakuna kinachobaki. Jaribio la kwanza kabisa na namba ya milioni mia tano imefunguka. Cataldi alikuwa na miaka ya kuishi lakini hakuwa na kichujio.

Kwa 31 Euler alipita zote na hakuna iliyoingia. Matokeo akayaweka kwa barua aliyomwandikia mmoja wa ukoo wa Bernoulli, mwaka 1772. Wakati huo alikuwa St Petersburg, ana miaka kama 65, jicho moja lilikuwa limeharibika miaka mingi nyuma na lile lingine mtoto wa jicho ulikuwa umelifunika, yaani alikuwa karibu kipofu kabisa, kazi zake alikuwa anazisema watu wengine wakiandika. Wanafunzi wangu nikiwaambia hiyo wananyamaza kwanza. Mimi naona inaeleza kitu: uthibitisho huu haukutaka macho, ulitaka mtu anayejua ni wapi asiangalie.

Kwa miongo mingi baada ya hapo hii ndio ilikuwa namba tasa kubwa kabisa inayojulikana na binadamu. Peter Barlow wa Uingereza aliandika mwaka 1811 kuhusu namba timilifu inayozaliwa nayo, 2,305,843,008,139,952,128. Timilifu maana yake ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, unapata yenyewe, kama 6 ambayo ni 1 na 2 na 3, au 28 ambayo ni 1, 2, 4, 7 na 14. Euclid alishaonyesha kwamba kila namba tasa ya sura hii inakuja na timilifu yake. Barlow akasema hiyo ndio itakuwa kubwa kabisa itakayowahi kupatikana, kwa sababu ni vitu vya udadisi tu visivyo na faida, hakuna mtu atasumbuka kutafuta zaidi. Mwaka 1876 Édouard Lucas akathibitisha 2^127 − 1, yenye tarakimu 39. Oktoba 2024 ikatangazwa 2^136279841 − 1, ina tarakimu 41,024,320. Watu walisumbuka.

Njia ya Lucas, ambayo Derrick Lehmer aliinyoosha baadaye, inastahili sentensi chache maana haitafuti kigawo chochote. Anza na 4. Kila hatua zidisha namba na yenyewe, toa 2, na ubaki na kile kinachobaki baada ya kugawanya kwa namba unayopima. Ukipima 31: 4, halafu 14, halafu 194 ambayo inabaki 8, halafu 62 ambayo inabaki 0. Ukipata 0 kwa hatua inayotakiwa, ni tasa. Kwa 2^31 − 1 hatua ni 29 tu. Ni haraka kuliko Euler, lakini kwa moyo wangu bado naipenda ya Euler, ile unaiona ikifanya kazi.

Sasa turudi kwa kompyuta. Kwa nini ukuta uko hapo hapo? Namba ya biti 32 ina nafasi 32 za sifuri au moja, nafasi moja inaenda kwa alama ya chanya au hasi, zinabaki 31. Jaza moja zote 31 na hiyo ndio namba yetu, ni kile kibubu cha Januari siku zote zikiwa zimewekwa. Utasa wake hauhusiki hapa hata kidogo. Ukuta wa biti 64 ni 9,223,372,036,854,775,807 na huo unagawanyika na 7, tena mara mbili. Kwa hivyo ni bahati tu kwamba ukuta tuliojengea mifumo yetu ya zamani ulikuwa tayari una historia ya miaka mia mbili. Ukiongeza 1 juu yake, mashine nyingi zinaruka hadi −2,147,483,648. Mwenye duka la jumla ajue hii: mfumo ukihifadhi pesa kwa senti ndani ya biti 32, unaishia shilingi 21,474,836 na senti 47. Kwa duka linalosambaza unga na mafuta mpaka Siaya na Homa Bay hiyo si pesa ya mbali, jumla ya mauzo inaweza kuigonga na ripoti ikatoka hasi.

Halafu kuna saa. Mifumo mingi inahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na zile za zamani zinahesabu kwa biti 32. Sekunde zitaisha Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za hapa kwetu. Sekunde inayofuata, kifaa ambacho hakijabadilishwa kitaamini ni Ijumaa tarehe 13 Desemba 1901, saa 5 na dakika 45 usiku. Mtu wa Kisumu hiyo tarehe haiwezi kumpita hivi hivi. Desemba hiyo hiyo ya 1901 ndio reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali walipaita Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli, na ndio mji wetu huu. Kati ya miezi yote ya historia saa hizo zingeweza kurudi, zinarudi mwezi ule ule reli ilipogusa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria. Haina maana yoyote ya hesabu, najua, lakini mimi nimeizoea kama tarehe ya nyumbani. Simu mpya na sava za kisasa zimeshahamia biti 64, wasiwasi wangu uko kwa vifaa vidogo vilivyofungwa ukutani miaka mingi na hakuna mtu anakumbuka vina kompyuta ndani.

Kuna sehemu moja ambapo utasa na kompyuta vinakutana kweli, si kwa bahati. Ni kutengeneza namba za kubahatisha. Anza na 1, zidisha kwa 16,807 ambayo ni 7 kipeo cha 5, gawanya kwa 2147483647, kinachobaki ndio namba yako mpya, rudia. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza hii iwe kiwango cha chini ambacho kila kompyuta iwe nacho. Kwa sababu namba ni tasa na 16,807 imechaguliwa vizuri, utapita namba zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja, bila kurudia hata moja, ndio urudi 1. Ni ule ule mzunguko wa saa ya Euler, sasa kwenye saa ya masaa bilioni mbili, na mzunguko umejaa wote. Park na Miller waliweka na kipimo: ukianza na 1, baada ya hatua 10,000 lazima uwe na 1043618065. Ukipata kingine programu yako ina shida. Wanafunzi wawili wangu waliiandika kwa simu na ikatoka hiyo, kelele walizopiga jirani alikuja kuangalia.

Na kuna ngazi. 5 ni tasa, 2^5 − 1 ni 31 ni tasa, 2^31 − 1 ni tasa. Kila mtu akifika hapo anataka kupanda tena: weka namba yetu yenyewe juu ya 2, toa 1. Hiyo ni namba yenye tarakimu zaidi ya milioni mia sita. Kuipima kwa njia ya Lucas ni kazi nzito mno, lakini kichujio cha Euler kinafanya kazi hapo pia: kigawo lazima kiwe mafungu ya 4,294,967,294 na moja juu. Na kimepatikana, ni 295,257,526,626,031. Chukua kalkuleta nzuri au programu, toa 1, gawanya kwa 4,294,967,294, utapata 68,745 kamili. Ngazi imekatika hapo. Mbinu ya mwaka 1772 imetoboa namba ambayo hata kuiandika kwa karatasi huwezi kumaliza.

Kwa walimu wa hesabu wanaosoma hii, Kisumu, Kakamega, Busia, popote: hii kazi ya Euler inaingia kwa darasa moja la Fom Tatu kwa kipindi kimoja mara mbili. Namba ina tarakimu 10, inaenea kwa kalkuleta ya kawaida ya sekondari. Vigawo vya kujaribu ni themanini na kitu, darasa la watu arobaini na kitu kila mwanafunzi anapata viwili. Wacha wavitafute wenyewe kwanza, mafungu ya 248 na 1, mafungu ya 248 na 63, watoe zile si tasa. Ya kwanza inayobaki ni 311, inaingia mara 6,905,092 na kubaki 35. Inayofuata iko mbali, ni 1,303, inaingia mara 1,648,107 na kubaki 226. Halafu 1,489, hiyo wagawanye wenyewe.